Mashine Iliponyamaza

Mume wangu ni fundi wa kompyuta, mpole nyumbani, ila mbele ya skrini ni mbishi hakuna mfano. Dada yake, wifi yangu, haoni. Kwa ajili yake mume wangu alijiunga na watu wanaotengeneza kwa kujitolea mfumo mmoja wa kompyuta wa bure, akaandika programu inayosoma kwa sauti kila kilichomo kwenye skrini. Kwa programu hiyo wifi akapata kazi ya kupokea simu ofisi ya maji. Tukamtania kwamba sasa hashikiki.

Programu ile aliitunza na rafiki yake wa mtandaoni, hawajawahi kuonana. Utaratibu wao ulikuwa mmoja: huingizi kitu mpaka mwenzako akubali. Kutoa hakukuhitaji ruhusa ya mtu. Wakakorofishana, juu ya nini sijui, nilielezwa nikasinzia. Rafiki akagoma kukubali chochote, wenzao wakagawanyika kambi mbili, matusi yakamiminika. Watu wazima na ndevu zao! Asubuhi moja mume wangu akaitoa programu nzima kwenye mfumo.

"Sasa watanitambua," akaniambia, akajimiminia chai kwa raha zake.

Kompyuta ya wifi kazini, mume wangu mwenyewe ndiye aliyeipanga ijisasishe kila asubuhi, ifuate kila kilichoingizwa au kutolewa kwenye mfumo. Simu ikaita kabla hajamaliza kikombe.

"Kaka, mashine imenyamaza! Watu wako kwenye laini, wananifokea."

Aliirudisha programu siku hiyohiyo. Lakini mkuu wa ofisi alikwisha chukia. Wakanunua mfumo wa kulipia usiojua kusoma Kiswahili, na wifi akaachishwa kazi. Alirudi kwetu akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu.

"Ni yule mshenzi," mume wangu akaanza. "Asingegoma, mimi nisingefika huko."

"Huyo simjui, kaka. Nakuuliza wewe. Ulipokuwa unaitoa, ulinifikiria?"

Mume wangu hajui kudanganya. Siku ile nilitamani angejua.

"Hapana, dada. Sikukukumbuka kabisa."

Wifi akasimama, akaniomba mimi nimshike mkono nimpeleke chumbani. Mume wangu alikuwa amekwisha nyoosha wake.