Karani wa Kiamaiko anayepima tabia ya bei ya mbuzi

Saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, soko la mbuzi la Kiamaiko, Nairobi. Everline Khavere anamaliza kupima mzoga wa mwisho, anafuta mizani kwa kitambaa, kisha anaingiza mkono chini ya mtandio wa mwanamke aliyesimama mbele yake. Wawili hawa wanatazamana. Huko ndani vidole vinabanana kwa sekunde chache. Khavere anatoa mkono, anachukua simu na kuandika namba.

Mwanamke huyo ni Batulo Yonis, muuza mbuzi wa miaka 47 ambaye soko zima linamwita Mama Kawsar. Alichompa Khavere ni bei halisi ya mbuzi wa leo. Hapa wanunuzi na wauzaji huafikiana kwa vidole, kila kidole kinachobanwa kikiwa elfu moja, nguo ikiwa imefunika mikono, ili jirani asijue.

Kwenye simu yenye kioo kilichopasuka inatokea grafu ya nguzo za kijani, nyingine ndefu, nyingine fupi.

"Kila nguzo ni ndoo," anaeleza Khavere, 34, karani wa mizani katika machinjio moja hapa. "Nachukua bei ya Jumatatu, naangalia imepanda ama imeshuka asilimia ngapi tangu Alhamisi, halafu natupa kokoto kwa ndoo ya asilimia hiyo. Ndoo ikijaa, ujue hiyo ndiyo tabia ya bei."

Mkazi huyu wa Ziwani hulipwa Sh19,500 kwa mwezi. Kuchora grafu hakumwongezei hata ndururu. Alianza miaka mitatu iliyopita katika darasa la bure la kompyuta Pumwani, wakati kila kijana mtaani alikuwa akijiita mtaalamu wa kuuza na kununua dola. Yeye alicheza na pesa za mazoezi tu.

"Vile viashiria vyote vya kuelekeza biashara vilikuwa mishale. Nunua! Uza! Hakuna hata kimoja kiliniambia bei hufanya nini siku ya kawaida, na siku mbaya ni mbaya kiasi gani. Nikasema basi, wacha nijitengenezee changu."

Aliandika mistari arobaini ya msimbo wa kompyuta wakati wa mapumziko ya chakula, akikosea na kufuta. Kiashiria chake kilipofanya kazi kwa dola, udadisi ukamwasha: je, mbuzi nao?

Kitabu cha mizani kilikuwa na bei za wiki mia moja, zilizoandikwa kwa kuwauliza wafanyabiashara wakipita. Akaziingiza zote. Kokoto 81 zikarundikana kwenye ndoo ya katikati, yaani bei haikusogea. Ni wiki moja tu iliyoanguka kupita asilimia kumi.

"Nilishangaa, kwa kweli nilifurahi. Nikadhani mbuzi wametulia kushinda dola."

Furaha hiyo ilimponza Mama Kawsar. Baada ya Idd, alikuwa na mbuzi kumi na mmoja na binti, Kawsar, aliyekuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Malori hufika Jumatano, hivyo Alhamisi soko hufurika mbuzi na bei huwa ya chini. Akamuuliza karani: nikingoja hadi Jumatatu, naweza kuumia? Khavere akamwonyesha ile nguzo ndefu. Mama akangoja.

Jumatatu mbuzi wa elfu tisa alinunuliwa kwa elfu saba. Karo haikutimia, Kawsar akakosa nafasi.

"Nilimfuata pale mizani nikiwa na hasira," anakumbuka Mama Kawsar. "Na yeye ananiambia, 'Mama, bei haijabadilika, ona kitabu.' Kitabu gani? Nikamshika mkono, nikauingiza kwa mtandio, nikambana vidole saba. Nikamwambia, karani, bei ya mdomo ni ya wageni. Ukiulizwa na mpita njia unamtajia ya jana. Ni adabu tu."

Khavere hafichi alivyojisikia. "Nililia. Miaka sita nafanya kazi hapa, na nilikuwa nachora adabu za watu nikidhani ni bei."

Alifuta wiki zote mia. Wanaume wa hapa hawawezi kumpa mkono mwanamke asiye mke wala ndugu yao, kwa hiyo mlango pekee ulikuwa mtandio wa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimkosea. Mama Kawsar, ambaye ndugu yake Yahye humfanyia mapatano na wanaume, alikubali kwa sharti moja: bei ya mtu isitamkwe kamwe.

"Hapo ndipo grafu inasaidia," anasema Khavere. "Ndoo haimtaji mtu. Inaonyesha tabia tu."

Sasa ana wiki ishirini na tatu za kweli. Ndoo ya katikati ina kokoto sita. Upande wa kushoto, kwenye maanguko ya kupita asilimia kumi, ziko nne. Zilizobaki nyingi ziko kulia, bei ilikopanda.

Leo Mama Kawsar ana mbuzi kumi na wanne. Kawsar ameitwa tena, na anatakiwa kuripoti Jumanne. Anauliza swali lile lile.

"Mara nyingi hupanda, Mama," Khavere anamjibu polepole. "Lakini mara nne kati ya ishirini na tatu imeanguka vibaya. Siwezi kukuambia hii ni gani. Hakuna anayejua."

Mama anahesabu kwa vidole. "Basi nauza tisa leo, karo ipatikane. Watano wangoje."

Jumatatu tunarudi. Mama Kawsar anafika kwenye mizani, mkono unaingia chini ya mtandio, na uso wa Khavere unakunjamana. Kokoto ya tano imeingia kushoto.

"Safari hii nimeumia kidole tu, karani," Mama anamtuliza. "Mkono uko salama. Kesho mtoto anaripoti."

Khavere anapumua. Ndoto yake ni kufikisha tena wiki mia, safari hii za kweli, kisha kuibandika grafu ukutani ili kila mwenye mbuzi aione kabla ya kuamua kungoja. Mwanamke mwingine muuza mbuzi, Ambaro, ameanza kumletea vidole vyake.

Kabla ya kuondoka tunauliza mbuzi wa leo ni bei gani.

"Elfu tisa," wanajibu kwa pamoja.

Tunaandika: elfu tisa. Khavere anaitazama kalamu yetu, kisha anamtazama Mama Kawsar, na wote wawili wanaangua kicheko.