Kiti Nilichokishusha

Mke wangu alitaka ng'ombe wake mwenyewe. Si wa baba yangu, si wa kwangu: wake, ampe jina anavyopenda. Mbio za baiskeli za wanawake zilipotangazwa hapa Bariadi, na zawadi ya kwanza ni mtamba, alijiandikisha kwanza, mimi nikaambiwa baadaye.

Fundi wetu wa Somanda alihangaika na baiskeli yake ya resi asubuhi nzima. Alimwambia mke wangu aweke kisigino kwenye pedeli, akapandisha kiti mpaka mguu ukanyooka, kisha akachora alama kwa msumari kwenye bomba la kiti. Mke wangu alizunguka mtaa akarudi anacheka. Goti lililokuwa likimsumbua lilikuwa limetulia, na mgongo haukuuma.

"Sasa naendesha," alisema. "Zamani nilikuwa napigana nayo."

Mimi sikuona goti wala mgongo. Niliona ameinamia usukani, makalio juu. Nikajikaza. Ila siku moja kabla ya mbio baba alipiga simu kutoka Mwanhuzi, anakuja kushangilia. Jamani, baba mkwe. Kwetu mkamwana anamwamkia mkwewe kwa kupiga magoti, macho chini. Leo amwone vile, mbele ya kadamnasi? Mke wangu alipokwenda sokoni nilichukua spana nikakishusha kiti vidole vinne. Ujinga mtupu.

Asubuhi, akiwa tayari kwenye mstari, alinigeukia. "Mbona kama kimeshuka?"

"Wasiwasi tu huo," nilimjibu.

Alimaliza wa nane, goti limevimba. Hakulia. Afadhali angelia.

Baba, ambaye ujana wake wote alibeba pamba kwa baiskeli, hakuwa na habari na makalio ya mtu. Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Nani amemwekea mkamwana wangu kiti cha mtoto? Magoti yanamfika kidevuni. Kwa nguvu zile, ng'ombe alikuwa wake."

"Fundi," nikasema.

Lilinitoka hivyo hivyo, jepesi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu iliishia kwa fundi kesho yake, kwa sababu mke wangu alitaka kumuuliza yeye mwenyewe. Alitangulia akichechemea. Nilimfuata na baiskeli, nikiomba Mungu tukute pamefungwa. Palikuwa wazi.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Akainama, akaitafuta alama yake, akaona imezama ndani ya fremu, na nati imekazwa barabara. Akaninyanyulia macho. Nilijua anajua. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na niliona aibu kubwa kuliko ile niliyoiogopa kwa baba. Nikaminya tairi, kama napima upepo.

"Nisamehe, mama," akamwambia mke wangu. "Huenda sikukaza vizuri."

Kisha akaniomba niishike baiskeli apandishe kiti, nami nikaishika.