Kuku Niliyemnunua kwa Viatu

Mkitaka jumla yake ni hii: kuku mmoja, viatu jozi moja, uongo mara tatu (mmoja ulikuja kuwa kweli baadaye, nitawaeleza), na hotuba ya shukrani ambayo mpaka leo haijamalizwa. Nimehesabu mara mbili kama kawaida yangu na jumla haibadiliki. Aibu ndiyo sijaipatia kipimo, kwa sababu ilimwagika ndani ya ukumbi uliojaa watu, kipaza sauti kikiwa wazi. Nawasimulia mwenyewe kwa kuwa najua mmeshasikia nusu yake kwa wenzangu, na hiyo nusu wameitia chumvi. Hakuna kuku aliyepanda kichwani mwa mgeni rasmi. Alipanda mezani tu.

Mimi mnanijua, mtoto wa Kongowea, mama yangu ameuza vitunguu pale tangu sijaota meno, na nilijifunza kuhesabu kwa kumshuku kila mtu aliyeshika mzani. Chuo kilipotuchagua Wakenya sita kwenda Morogoro kusoma kilimo muhula mmoja, nilikwenda na zile hadithi za zamani za maduka yenye rafu tupu na foleni za sabuni. Nikakuta hayo yameshapita. Mitumba imemwagwa chini kama mchanga, redio mpya zinapiga kelele madukani, aliyepunguzwa kazi kiwandani amefungua kibanda, na kila kibanda kina bei mbili, ya kwanza na ya kweli. Nikajiona nimefika nyumbani.

Mwezi wa mwisho wakatupandisha Mgeta, juu kabisa kwenye milima ya Uluguru, kila mwanafunzi na mkulima wake. Mimi nikapewa kwa Mama Leokadia, mjane anayelima kabichi na njegere kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukidondosha jembe unakwenda kuliokota kwa jirani wa chini. Alikuwa hajawahi kupokea mwanafunzi, na chuo kilimwomba anijaribu, nikimridhisha muhula ujao wataletwa wengine wawili. Wiki ya kwanza aliniita mgeni. Wiki ya pili akaanza kuniita mwanangu, ananituma maji, ananigombeza nikipanda mche kombo, usiku ananiuliza kama nimeshiba. Nyinyi mnaomjua mama yangu wa kuzaa, kwamba hana muda wa kugombeza mtu bila faida, mtaelewa kwa nini neno hilo lilinikaa. Nilianza kulisubiri.

Siku ya kushuka mjini akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na mtetea wa madoadoa, mguuni amefungwa kipande cha kanga ya bluu.

"Kwetu mtoto wa kike haondoki mikono mitupu," akasema. "Huyu ametokana na kuku wa mama yangu, na wa mama yangu alitokana na wa bibi. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama, na kuku wangu nao hivyo hivyo. Kamfuge kwenu."

"Asante sana, mama."

"Jumamosi nitashuka kwenye kuagwa kwenu, na mjomba wako Klemensi. Nataka nimwambie mbele za watu, huyu ndiye mwanangu."

(Kwa asiyejua, kule mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Ukitambulishwa kwake umeandikwa.)

Sasa hapo ndipo ningetulia. Lakini bweni letu halikuruhusu hata paka, na kuku huyo usiku wa kwanza chini ya kitanda changu alilalamika mpaka wenzangu watano wakasema mmoja wetu, mimi au yeye, akalale nje. Halafu nikasikia kwamba mpakani Horohoro kuku hai hapiti bila karatasi ya daktari wa mifugo, nami karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa pasi yangu tu. Ningeweza kumwomba Mzee Shomari, mpishi mkuu wa chuo, anitunzie kwenye banda lake nyuma ya jiko mpaka Jumamosi. Kuomba ni bure kabisa. Mimi nikaamua kitu kidogo tu, kwamba nimuuze, Mama Leokadia hatajua, na kwa moyo wangu nitabaki nimepewa.

Alhamisi nikamfikisha sokoni. Muuza kuku akamwinua kwa mabawa, akampuliza manyoya.

"Dada, huyu amechoka. Angekuwa mtumishi wa serikali wangeshampunguza."

"Huyu anafanya kazi mpaka Jumapili, na hajawahi kuomba likizo."

"Ana cheti?"

"Ana ukoo. Mama yake na bibi yake nawajua kwa majina." (Huo siuhesabu kwenye ule uongo mara tatu. Sokoni hayo ni mazungumzo.)

Watu wakasogea kusikiliza. Niliondoka mara tatu, akaniita mara tatu, na mwisho nikamuuza kwa bei ya kuku mmoja na nusu, mama mmoja muuza nyanya akanipa mkono. Sikufika hata mbali. Upande wa pili kulikuwa na mitumba, na juu ya mitumba kulikuwa na viatu vyekundu vya kisigino, saizi yangu, na Jumamosi mimi ndiye niliyechaguliwa kutoa shukrani kwa niaba ya wageni wote. Kuku akawa viatu.

Jumamosi Mama Leokadia akashuka na lori la kabichi, amevaa gauni lake la kanisani, na nyuma yake Mjomba Klemensi, mzee mrefu mwenye koti na kofia. Nikawaamkia, shikamoo mama, shikamoo mjomba. Mama akaitikia. Mjomba akatikisa kichwa tu, kama mtu anayesubiri kuona risiti kwanza.

"Kuku hajambo?" mama akauliza. Mimi mwenyewe hakuniuliza.

"Hajambo, mama. Yuko bwenini." Uongo wa kwanza.

"Anakula?"

"Anakula vizuri sana." Wa pili.

"Ameshaanza kutaga?"

"Mayai mawili," nikasema, na huo wa tatu niliusema kwa kunyoosha vidole, mtu asije akakosea idadi.

Akamgeukia kaka yake. "Unaona, ana mkono wa kufuga. Shughuli ikiisha atatupeleka tukamwone."

Ilikuwa imebaki saa moja na nusu. Nikadandia gari la chuo lililokuwa linakwenda mjini kuchukua soda, nikakimbia sokoni na visigino vyangu, yule muuza kuku akaniona kwa mbali akachangamka. "Dada wa kuku mwenye ukoo! Mbona umechelewa, yule alinunuliwa jana asubuhi. Wapishi wa chuo walichukua kumi na wawili, wana sherehe." Kwa maneno mengine, kuku wangu alikuwa kwenye pilau yangu. Nikarudi nimekaa juu ya kreti za soda, nikimwomba Mungu wapishi wawe wavivu.

Jikoni nikahesabu waliochinjwa. Kumi na mmoja. Nikahesabu tena. Kumi na mmoja. Pembeni kulikuwa na tenga lililofunikwa, nikachungulia, nikaona kitambaa cha bluu.

"Huyo mwache," akasema Mzee Shomari, anachochea sufuria. "Jana ametaga. Mimi anayetaga simchinji, nakwenda naye nyumbani."

"Shikamoo mzee. Naomba uniuzie."

"Marahaba. Kwa nini unatazama saa?"

Hapo nikajua nimeshapigwa. Maisha yangu yote nimewafundisha watu kutoonyesha haraka mbele ya muuzaji. Pesa sikuwa nayo, ilikuwa miguuni, na mzee naye macho yake yakashuka huko huko.

"Mwanangu Zuhura anaolewa mwezi ujao," akasema taratibu. "Naona mnalingana miguu."

"Mzee wangu, viatu hivi na kuku huyu havilingani hata kidogo."

"Basi nenda navyo, binti."

Nikaondoka hatua moja. Hakuniita. Nikaondoka ya pili. Nikasikia anaonja chumvi. Nikarudi, nikavua viatu. Yeye kwa huruma akanipa kandambili za jikoni, moja ya bluu na moja ya kijani, zote za mguu wa kushoto.

Muda wa kufika bwenini haukuwepo, walishaanza kuita majina. Nikamtia kuku kwenye kikapu, nikafunika kwa kanga, nikakisukuma chini ya meza kuu, nikasimama mbele ya kipaza sauti nikiwa nimekunja vidole vya miguu. Nilianza vizuri. Nikamshukuru mgeni rasmi, nikawashukuru walimu, nikafika kwa mama. "Na kipekee," nikasema, "mama yangu Leokadia wa Mgeta, aliyenifundisha uaminifu wa..."

Chini ya meza kuku akaanza kutetea. Wote mnajua kuku akishataga anavyotangaza, hasemi mara moja akanyamaza. Kipaza sauti kilimsikia kuliko kilivyonisikia mimi. Ukumbi ukacheka, nikapandisha sauti, naye akapandisha. Kisha kanga ikainuka, kikapu kikalala ubavu, na mtetea wa madoadoa akaruka juu ya meza, akatembea katikati ya soda za wakubwa, kitambaa cha bluu mguuni, akasimama mbele ya sahani ya mgeni rasmi akamtazama kama anayedai kitu.

Mama Leokadia akasimama. Nikafunga macho. Nilipoyafungua alikuwa anapiga makofi, uso wote umefunguka. "Amemleta," akamwambia mjomba kwa sauti ya watu wote kusikia. "Mwanangu amemleta kuku wetu umwone."

Jamani, hapo ningeweza kupona. Ningetabasamu tu. Lakini mlango wa jikoni ukafunguka, Mzee Shomari akaingia na sinia, akamwona kuku mezani.

"Binti," akasema kwa uchungu wa kweli, "nimehangaika naye kutoka sokoni, nimekuuzia sasa hivi tu kwa viatu, umeshamwachia?"

Kicheko kikakatika. Mama alikuwa bado ameshikanisha viganja.

"Sokoni?" akauliza. "Kuku wangu alifikaje sokoni?"

Nilikuwa na jibu la nne tayari mdomoni, tena zuri. Nikamtazama, nikaona kwamba akiliamini ataniita mwanangu mbele ya mjomba, na mimi peke yangu ndiye nitakayejua amemtambulisha mtu mwingine. Nikalimeza.

"Nilimuuza mimi, mama. Alhamisi. Bwenini hakuwepo, kula sijui kama alikula, na mayai mawili niliyabuni." Yote hayo kwenye kipaza sauti, maana sikukumbuka kukizima.

Mjomba Klemensi akainuka taratibu, akaja mpaka kwenye meza kuu, akainama, akapekua kikapu. Akatoka na yai. Akalinyanyua.

"Moja," akasema.

"Na lingine liko kabatini jikoni, la jana," akasema Mzee Shomari.

"Basi ni mawili," akasema mjomba. "Hilo la mayai tumwachie."

Ukumbi ukalipuka tena, lakini mama hakucheka. Alikuja karibu, akamtia kuku kwapani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimuuza bei gani?"

Nikamtajia. Akamtazama kaka yake.

"Klemensi, umesikia? Kuku mmoja. Mimi kabichi za shamba zima wachuuzi wa Dar wananipangia bei hata kwenye lori hawajashuka." Kisha akanigeukia. "Nimekasirika. Usifikiri sijakasirika."

"Najua, mama."

"Kuku narudi naye mimi. Bado ni wako, ila kwako hatakaa. Akiangua utakuja kuhesabu mwenyewe, kwa sababu kuhesabu unajua. Na Jumatatu, kabla ya basi lako, utasimama kwenye lori la kabichi mbele ya wachuuzi, bei utasema wewe, mimi nitanyamaza."

Mjomba akamwuliza, "Kwa hiyo ndiye huyu?"

Mama akamhamishia kuku kwapa la pili. Nilihesabu mpaka tisa, nikaanza upya.

"Ndiye," akasema. "Huyu huyu."

Mjomba akavua kofia. "Haya, marahaba," akasema, akiitikia shikamoo yangu ya asubuhi.

Jumatatu nilisimama kwenye lile lori na kandambili zangu za rangi mbili. Niliondoka mara tatu wakaniita mara nne, na mama akanyamaza kama alivyoahidi, ingawa nilimwona anauma ncha ya kanga. Kabichi ziliuzwa vizuri kuliko alivyowahi kuuza. Fomu ya chuo ya kupokea wanafunzi aliitia sahihi juu ya goti lake hapo hapo, wale wanafunzi wawili waje, ila waambiwe mapema kwamba kuku wa zawadi hauzwi.

Nami nimeapa: kitu nilichopewa sitakiuliza bei tena, hata kimoyomoyo.

Juzi imeletwa barua. Mtetea ameatamia na kuangua vifaranga kumi na mmoja, mwewe amechukua mmoja, nije nihakiki hao kumi. Likizo ya Agosti nakwenda, nauli ninayo, viatu sina (Zuhura ameshaolewa navyo, nasikia vilimpendeza). Kinachonishinda ni kimoja, na ndiyo sababu nimewakalisha hapa. Mtoto wa kike wa Mama Leokadia haondoki mikono mitupu, hilo nimeshalielewa kwa gharama zote mlizozisikia. Akirudi, anarudi na nini mkononi? Mama yangu wa kuzaa anasema vitunguu, dada yangu anasema kanga, mimi sijui. Nishaurini. Ila mtu asinitajie bei.