Bunduki Aliyokuwa Akiichagua Shemeji

Shemeji yangu alimaliza kiangazi kizima akichagua bunduki. Nasema akichagua, sisemi akinunua. Kununua kwataka kibali, na kibali chataka polisi waridhike kwamba una akili timamu. Hapo ndipo alipokwama.

Nilikuwa nimefikia kwake, au niseme kwa dada yangu, baada ya miaka ya kuhamahama: Lamu, Garsen, Voi, kila mahali nikikaa mpaka nichoke na maji ya hapo. Dada niliyekua naye Malindi mjini aliolewa bara ya Kilifi, kwenye shamba la mahindi na mihogo. Mumewe alikuwa bawabu Uarabuni, akarudi na imani mpya: siku mbaya zaja, njaa au fujo, na mwanamume kamili lazima ajitegemee kwa kila kitu. Ukisikia hivyo utadhani alichimba kisima. Hakuchimba. Tangi lake la maji ya mvua lilikuwa na ufa wa kupitisha mkono, na dada aliendelea kuteka bwawani kama zamani.

Jioni alijinyoosha kitandani akitazama kwenye simu wazungu waliojenga vibanda katika theluji, wakieleza bunduki kwa upole kama wanamwogesha mtoto mchanga.

"Ya marisau, zile risasi za chembechembe, ndiyo ya shamba, yakhe," akaniambia. "Haitaki shabaha. Nyani akija, pu!"

"Na ile ndefu yenye darubini?"

"Hiyo ya nyama. Njaa ikiingia, mtu awinde paa."

Nikamkumbusha kwamba nchi hii kuwinda kumepigwa marufuku tangu sijazaliwa. Ataishia gerezani, ambako chakula kweli ni cha bure.

"Siku hiyo hakutakuwa na askari," akasema, akinitazama kwa huruma.

Bastola nayo ingekaa chini ya mto. Mto wenyewe ulikuwa kanga kuukuu za dada zilizokunjwa.

Mimi nimekulia mji ambao mwenye duka akienda kuswali alilaza fimbo mlangoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa kufuli yake. Sisemi hatukuwa na wezi. Nasema mwizi alijua mtaa mzima unaitazama ile fimbo. Shemeji hakutaka kutazamwa na mtu. Kwenye kinjia ambacho wanawake wa jirani walikatiza shambani kwake kwenda bwawani, alipigilia kibao: HATARI, HAPA KUNA BUNDUKI. Kisha akaenda mnazini kunywa, na baada ya kata ya tatu akawatangazia watu kwamba anazo mbili.

Watu wa kule mtu akisema jambo mbele ya wenzake huchukua kuwa amesema kweli. Kinjia kikaota majani.

"Sasa hata wa kuniuliza nimeamkaje sina," dada akalalamika.

"Usalama ndio huo, mke wangu."

Halafu akasikia kwenye simu kwamba mwenye bunduki ahitaji uwanja wazi, amwone adui kwa mbali. Basi adhuhuri moja, kwa ajili ya bunduki asiyokuwa nayo, akatia moto kichaka nyuma ya nyumba. Upepo ulikuwa ukivuma toka asubuhi, mtoto angeuona. Moto ukaacha kichaka na kuelekea jikoni. Jiko lile lilikuwa la makuti, na juu ya mafiga palikuwa na uchaga, dari ya fito ambako mahindi yao ya mwaka mzima yalikaa yakipata moshi yasiingiwe na wadudu dumuzi. Hawakuwa na chakula kingine.

Kule ukipiga ukemi watu huja, hawaulizi kwanza kuna nini. Dada akapiga, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wakaja mbio na majembe na matawi mabichi, mpaka kwenye kibao. Hapo wakasimama wote. Mbele yao alikuwa jirani wa karibu, mama mjane mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Baba! Bunduki iko wapi?"

"Njooni, moto!"

"Moto twauona. Twauliza bunduki."

"Sina!"

"Si ulisema mbili?"

"Sina hata moja! Haki ya Mungu, sijapata kushika! Uarabuni nilishika firimbi!"

"Sema tena," akadakia mtu, "huku nyuma hatukusikia!"

Akasema tena, mikono juu, machozi ya moshi yakimtiririka. Ndipo wakaingia, nao wakiingia, paa la jiko lilikwisha kushika. Waliliangusha kwa majembe, wakazima kwa matawi na mchanga, wakachomoa mahindi. Nusu yalipona. Nusu yalikuwa makaa, yakinuka kama bisi. Dada aliketi chini akichambua, mazima huku, meusi kule, bila kumtazama mumewe. Njaa aliyoingoja shemeji kwa hamu ilikuwa imefika, naye ndiye aliyeileta.

Mvua zilikaribia na uchaga haukuwepo tena. "Leteni kwangu," mjane akasema. "Moshi ninao." Jioni hiyo hiyo mahindi yakapandishwa darini kwake.

Unga ulipokwisha shemeji alimwambia dada aende akalete mahindi. "Uliyachoma wewe," dada akamjibu, "kayaombe wewe." Nilifuatana na shemeji, singekosa jambo lile kwa nyama ya paa. Alisimama uani kwa mjane, bwana wa kujitegemea, akakohoa.

"Hodi."

"Nani?" Alikuwa akituona vizuri kabisa.

"Mimi, jirani. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshika nini mkononi?"

"Kikapu tu, mama."

"Kiinue nikione."

Akakiinua juu ya kichwa. Ndani ya nyumba wasichana walikuwa wakicheka hata hawajifichi.

"Haya," mjane akasema. "Ingia uchukue ya leo. Ya kesho utakuja kesho."