Sukari ya Miti ya Pamba

Miaka ile sukari ilipoadimika, nikiwa mwalimu wa kemia Bunda, nilichoshwa na chai ya chumvi. Kila msimu tulichoma miti ya pamba shambani, nami nilijua ndani yake mna sukari iliyofungwa katika nyuzi. Nikaitwanga, nikaichemsha na asidi ya betri niliyoizimua, nikaua ukali wake kwa majivu. Nikaimimina pipani na, ili kuifungua sukari hiyo, nikatia kimea chote cha ulezi cha mama. Siku tatu nikalizunguka pipa kama kuku anayetaka kutaga. Povu lilipofura nikamwita mama. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema.

“Utamu huu ni wa kimea changu, mwalimu. Hata kwenye maji matupu huwaga kitamu. Na sasa ulezi nyumbani umekwisha.”