Makombe ya Kisimani

Wiki iliyopita nilikwenda Naliendele kufuatilia shamba la marehemu bibi yangu, na bodaboda akanishusha mahali nisipopatambua. Mikorosho imekatwa, nyumba zimejengwa, malori ya mawe ya chokaa yanapita na vumbi lake jeupe. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Mpaka leo sijatulia, ndiyo maana nakusimulia.

Kiangazi kimoja, miaka mingi iliyopita, nilikuwa darasa la tano, nikiishi na bibi. Mikono yetu ilinuka korosho za kubangua. Asubuhi tulikula mihogo ya nazi, kisha tukashuka bondeni kuteka maji, kwenda na kurudi saa nzima. Goti la bibi lilikuwa linamsumbua, ndipo akaita fundi wa visima.

Shimo lilipofika kina cha watu watatu, fundi akapandisha jiwe lililojaa makombe ya baharini. Bahari iko mbali na pale. Nikalikimbiza shuleni. Mwalimu wa sayansi akaligeuzageuza, akasema hayo ni masalia ya viumbe yaliyogeuka mawe, yanaitwa visukuku. Zamani sana, kabla mtu yeyote hajakuwepo duniani, pale petu palikuwa chini ya bahari.

Nilipomweleza bibi, aliweka ungo chini.

"Hayo maji yaliondoka yenyewe?"

Nikamjibu ndiyo.

"Basi njia ya kurudi yanaijua."

Akamwamuru fundi atoke, shimo likafunikwa kwa magogo.

Siku zile nilikuwa naanza kufagia naacha, nafungua daftari nafunga. Kila nilipomtwisha bibi ndoo, nilijua ni mdomo wangu uliomrudisha bondeni. Siku moja aliteleza, maji yakamwagika, akabaki amekaa kwenye matope. Kesho yake nikamwomba mwalimu aniandikie habari yote tangu mwanzo.

Alasiri nikamsomea bibi. Kwanza vijidudu vya baharini visivyoonekana kwa macho. Kisha samaki. Kisha mimea na wadudu wa nchi kavu. Kisha mijusi wakubwa kuliko nyumba yetu, nao wakaisha. Kila hatua ilichukua mamilioni ya miaka. Bibi alikuwa akinikatiza, "Na watu?" Nami namjibu, "Bado, bibi." Watu walitokea mwisho kabisa wa ukurasa, mstari mmoja tu.

Alinyoosha kidole kwenye mstari huo.

"Kumbe sisi tumefika juzi," akasema. "Bahari iliyokwenda zake muda wote huo haitarudi kwa ajili ya kisima changu. Kamwite fundi."

Maji yalipatikana, yana chumvi kidogo. Bibi aliyanywa huku akicheka.

Juzi, kwenye ofisi ya ardhi, karani aliniuliza mwenye shamba alizaliwa mwaka gani. Ningeweza kumtajia samaki na mijusi kwa mpangilio, nani alimtangulia nani. Mwaka wa bibi yangu sikuujua. Nilitoka nje kumpigia mtu simu, nikasimama pale na simu mkononi, nikapitia majina yote, nikaona waliokuwa wanaujua wamekwisha.