Zamu ya Picha ya Warigia

Apondi alikuwa amezoea kulaumiwa. Ndiye aliyetunza mtandao wa hospitali moja ya misheni nje ya Eldoret, na mtandao ukilegea, jina lake ndilo lililotajwa. Lakini Januari ile ya 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, barabara zilipozibwa kwa mawe na magogo na watu wakaja kulala kwenye nyasi za hospitali, lawama ziligeuka kuwa maombi.

Kilichobaki kikifanya kazi ni dishi la setilaiti, nalo lilipitisha data kidogo kidogo. Kila mtu alikuwa mtandaoni akitafuta jamaa zake. Barua pepe ya kuomba damu ilikwama asubuhi nzima nyuma ya video za habari, na hapo Apondi akaketi kwenye kompyuta ya Linux iliyopitisha data yote ya hospitali, akaandika amri za kugawa kasi: kompyuta za madaktari na za duka la dawa zitangulie, wengine wote wagawane kitakachobaki. Macho yalimwasha kwa kukosa usingizi.

Alasiri alikuja Kiarie wa maabara. Nyumba yake ilikuwa imechomwa, naye akawa analala sakafuni kazini. Mkewe, Warigia, alikimbia na watoto upande mwingine. Sasa vijana wa kanisa waliokuwa wakihudumia wakimbizi katika uwanja wa maonyesho walikuwa wamemtumia picha, aangalie kama huyo ndiye. Picha ilifunguka robo, ikakatika, ikaanza upya. Alichoona ni kitambaa cha kichwa tu.

"Apondi, weka kompyuta yangu kwa njia ya madaktari. Dakika chache tu."

Apondi akatazama skrini. Eksirei ya mtu aliyechomwa mshale kifuani ilikuwa njiani kwenda kwa daktari bingwa Nairobi, na chumba cha upasuaji kilikuwa kinangoja jibu. Damu ya mgonjwa huyo aliipima Kiarie mwenyewe.

"Wacha hii ipite kwanza," alisema. "Sasa hivi siwezi."

Kiarie hakubishana. Alivuta kiti akaketi karibu naye, wote wawili wakiitazama eksirei ikitambaa. Ilipopita, Apondi akamfungulia njia, na picha ikaja yote: Warigia na watoto wawili juu ya godoro. Kiarie alilia bila sauti. Gari la polisi lilipomfikisha uwanjani, lori la kwenda Nakuru lilikuwa limetoka punde tu, familia yake ikiwa ndani.

Aliwapata baada ya wiki kadhaa. Mtu wa mshale alipona akaenda zake. Kiarie alirudi hospitalini mara moja tu, kuchukua vitu alivyoacha maabara. Alimwambia Apondi kwamba hata yeye angefanya vivyo hivyo, kisha akaondoka bila kumpa mkono.

Apondi alibaki. Nyaya za intaneti ya kasi zilifika, wakubwa wakabadilika, naye akaendelea kugawa na kulaumiwa. Wiki ya uchaguzi wa 2013 simu yake ililia. Alikuwa Kiarie, akiuliza kama huko kumetulia. Apondi alimjibu kwamba maduka yamefungwa lakini watu wako majumbani mwao.

"Warigia anakusalimia," Kiarie alisema.

"Msalimie pia."

Apondi alitaka kusema jambo kuhusu alasiri ile ya picha, lakini alikuwa amechoka, na Kiarie alisikika amechoka vilevile. Wakaagana vizuri.